Gharama ya Kugeuka

Barabara inayotoka katikati ya Dar es Salaam, ikapita TAZARA, uwanja wa ndege na Gongo la Mboto hadi kwenye milima ya Pugu, zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Jumamosi alfajiri, saa kumi na moja, ukisimama Pugu Kajiungeni utawaona watu wa namna mbili wakitokwa na jasho kabla jua halijachomoza. Wapo waliotoka mjini, raba miguuni na chupa ya maji mkononi, wanapanda mlima kwa mazoezi. Wapo wanaoteremka kutoka upande wa Kisarawe wakienda mjini na baiskeli zilizosheheni mkaa, mihogo na mafenesi. Wote wamekatisha usingizi. Wote wana njaa, na mapaja ya wote yanawaka moto. Daktari akiwapima mapigo ya moyo palepale barabarani hataweza kusema, kwa kutazama namba peke yake, nani yuko matembezini na nani yuko kazini.

Mimi ni wa kundi la kwanza. Napenda kuupanda mlima huu alfajiri, na kila ninapopishana na wale wa kundi la pili swali moja hunijia: jasho langu na jasho lao vinatofautiana kwa kitu gani hasa? Jibu la haraka kila mtu analo: mimi nimejitakia, wao wamelazimika. Sina ugomvi na jibu hilo. Lakini halijaeleza kitu mpaka tujue kujitakia ni nini. Hiari yashinda utumwa, walisema wahenga, nasi tumeipokea methali hiyo kizazi baada ya kizazi. Wahenga hawakutuachia kipimo cha kuitambua hiari pale tunapokutana nayo, na bila kipimo hicho tunaweza kumwita huru mtu aliyefungwa, kisha tukamlaumu kwa kifungo chake.

Pugu si mlima wa kuogopesha. Kimo chake ni kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea Uluguru ataupanda huku akipiga soga. Lakini Dar es Salaam ni mji wa pwani, ardhi yake ni tambarare, na kwa miguu iliyozoea ngazi za ofisini mwinuko huu unatosha kabisa. Ukiiacha lami na kuingia kwenye msitu wa hifadhi, njia inakuwa nyembamba, mizizi inakatiza, na umande unalowesha suruali hadi magotini. Popo wanarejea kwenye mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Muda si mrefu pumzi inakuwa fupi. Hapo katikati, kabla kilele hakijaonekana na baada ya barabara kupotea, ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu hapo ndipo mwili unapouliza: kwa nini tusirudi? Nyuma yangu ipo njia ileile niliyopandia. Huko juu hakuna anayenisubiri. Hakuna atakayenikata mshahara wala mtoto atakayelala njaa nikigeuka. Naweza kugeuka sasa hivi. Nikiendelea, basi hatua inayofuata ni yangu mwenyewe, na inayofuata hiyo pia.

Asubuhi moja nilimkuta kijana amesimama ukingoni mwa lami, baiskeli ameiegemeza kwenye gongo. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga magunia mawili ya mkaa, ya lumbesa, juu yamezibwa kwa majani na kushonewa kamba, na gunia la tatu amelipachika ndani ya fremu. Mzigo wote umekazwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Breki haikuwepo. Miguuni alivaa katambuga, na ya kulia ilikuwa imelika upande mmoja hadi kubaki nyembamba kama karatasi, kwa kuwa kwenye mteremko mguu huo ndio anaoukandamiza kwenye tairi ili baiskeli isimkimbize. Aliniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Habari za safari?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mzee, huko juu huwa mnafuata nini?"

"Mazoezi tu."

"Na ukichoka?"

"Nikichoka narudi."

Akaufikiria mzigo wake kidogo, kisha akasema, "Mimi nikichoka nasimama hapa hapa. Kurudi nao siwezi."

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anaeleza hali ilivyo. Mkaa ule aliuchukua kwa mali kauli kwa mwenye tanuri, na deni lilikuwa linamsubiri jioni ileile. Kuupandisha mlima tena kulikuwa nje ya nguvu zake, kuumwaga kulikuwa nje ya uwezo wake, na kukaa njiani hadi jua litoke ni kujitafutia kukamatwa kwenye kizuizi cha maliasili. Mbele yake kulikuwa na njia moja tu, nayo ni ya kuteremkia mjini. Naamini kipimo tunachokitafuta kimo ndani ya maneno yale: hiari ya mtu ni kubwa kwa kadiri gharama ya kugeuka ilivyo ndogo. Wengi wana vipimo vingine, na vinafaa vijaribiwe kwanza.

Wapo wanaosema tofauti iko kwenye malipo: anayepanda bila kulipwa ni huru, anayelipwa ni mtumwa wa fedha. Hili halisimami. Kwenye Kilimanjaro, wagumu wanaobeba mizigo ya watalii na waongozaji wanaotangulia mbele wanalipwa, na miongoni mwao wapo wanaoupenda mlima kuliko mtalii aliyelipa ili aupande. Fundi seremala anayeikagua kazi yake mara ya tatu, ilhali mteja alikwisharidhika na ya kwanza, analipwa na bado ni huru katika ile mara ya tatu. Kwa upande mwingine, msaragambo wa kuchimba mtaro haulipwi hata senti, lakini anayeukosa hutozwa faini. Mtoto anayefagia uwanja wa shule alfajiri halipwi, wala hakuulizwa. Malipo yanaweza kuwepo au yasiwepo, hiari ikabaki palepale.

Wengine wanasema ni raha. Anayefurahia anachokifanya ndiye aliyejitakia. Lakini katikati ya mlima hakuna raha. Kuna kifua kinachobana na kisigino kinachochubuka. Raha inaweza kuja baadaye, na siku nyingine haiji kabisa, bado mtu akasema amefanya alichotaka. Tena binadamu amejaliwa uwezo wa kuzoea. Anaweza kuimba akiwa chini ya mzigo ambao hakuuchagua. Wakulima wameimba mashambani mwa mabwana zao, na makuli wameimba bandarini. Wimbo unathibitisha kwamba mtu ni hai. Haututhibitishii kwamba yuko huru.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na limedumu tangu Aristotle. Alisema tendo ni la hiari pale chanzo chake kinapokuwa ndani ya mtendaji na mtendaji anajua anachokifanya. Kisha yeye mwenyewe akaleta mfano unaoisumbua kauli hiyo: nahodha katika dhoruba anatupa shehena baharini ili aokoe watu na chombo. Je, ametupa kwa hiari? Mikono ni yake, uamuzi ni wake, na hakuna aliyemshika. Lakini hakuna nahodha mwenye akili timamu anayetupa mali kwa kupenda tu. Aristotle aliyaita matendo ya namna hii mchanganyiko, akasema yako karibu zaidi na hiari kwa sababu katika saa ile nahodha alichagua. Watu wa pwani hawahitaji kueleweshwa mfano huu. Jahazi likizidiwa na mawimbi, kinachoanza kwenda majini ni magunia.

Nakubaliana na Aristotle kwamba matendo hayo ni mchanganyiko. Kinachonipa shida ni jinsi kauli hiyo inavyotumiwa na wale ambao hawako chomboni. Aliye nchi kavu anaweza kusema, "Shehena alitupa mwenyewe," akawa amesema kweli na bado akamdhulumu nahodha. Historia yetu inao ushahidi. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii, na baada yake Waingereza waliendelea kudai kodi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu zilipatikana kwa wenye mashamba. Wanaume wakasafiri mamia ya kilomita kwenda kuandikishwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Wengi wao hakuna askari aliyewafuata na kuwafunga kamba. Walikwenda wenyewe na kuchukua kipande. Kwa maandishi, ni watu waliojitakia. Lakini ukiuliza ingewagharimu nini kugeuka na kurudi kwao bila fedha ya kodi, unaiona kamba ambayo maandishi hayaionyeshi.

Kwa hiyo nasema tuache kuuliza swali la ndiyo au hapana: je, alilazimishwa? Hiari ina ukubwa. Ipo ndogo, ipo ya wastani, ipo pana. Swali linalofaa ni la kiasi: angegeuka pale, angelipa nini? Kwangu mimi, kugeuka katikati ya mlima wa Pugu kunagharimu aibu kidogo mbele ya wenzangu. Kwa kijana wa mkaa, kunagharimu deni, njaa ya siku kadhaa na pengine baiskeli yenyewe. Sote tuna miguu yetu na akili zetu. Tofauti yetu iko nyuma ya migongo yetu, kwenye njia iliyobaki wazi au iliyozibwa.

Kipimo hiki kinatukinga pia na kiburi ambacho wapanda milima wanakijua vizuri. Tarehe 26 Aprili 1336 mshairi wa Kiitalia Francesco Petrarca aliupanda Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa ya leo, akiwa na ndugu yake, na akaandika barua maarufu kuhusu safari ile. Njiani walimkuta mchungaji mzee aliyewasihi waache. Aliwaambia kwamba miaka hamsini iliyopita yeye naye, kwa moto wa ujana, alikwea hadi juu, na hakupata kitu isipokuwa majuto, uchovu, na nguo na ngozi vilivyochanwa na miamba na miiba. Barua ile imesomwa kwa karne nyingi kama kisa cha mtu mwenye macho ya kuona kileleni, na mchungaji akabaki kuwa sauti ya woga. Mimi namsoma mchungaji kwa heshima zaidi. Alikuwa amekwisha kupanda. Mlima ule ndio malisho yake, ndio baridi na mvua yake. Petrarca alishuka siku ileile akarudi kwenye kalamu yake. Mchungaji alibaki pale. Mwenye njia ya kurudi asidhani kwamba ameuona mlima vizuri kuliko anayeishi juu yake. Ameuona kwa namna inayowezekana tu kwa mtu anayeondoka.

Hata hivyo kipimo changu kinakabiliwa na pingamizi kubwa, na pingamizi hilo lilitokea kwenye mlima huu huu. Kama hiari ni urahisi wa kugeuka, basi mtu huru kuliko wote ni yule asiyeshika jambo lolote kwa nguvu: anayeanza masomo akaacha, anayeoa akaondoka, anayeahidi akasahau. Na watu tunaowaheshimu kwa uhuru wao wa nafsi ni kinyume kabisa cha huyo. Ni watu waliojifunga.

Shule ya Pugu, enzi hizo Chuo cha Mtakatifu Francis chini ya wamisionari wa Kikatoliki, ndiko alikofundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikopata shahada yake mwaka 1952. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association (TAA), na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Masimulizi yanayojulikana sana yanaeleza jinsi alivyokuwa akiteremka kwa miguu kutoka Pugu hadi mjini kwa ajili ya mikutano, kisha akapanda tena kurudi kufundisha. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, mambo mawili hayakuweza tena kwenda pamoja. Ilimbidi achague ualimu au siasa, naye akajiuzulu ualimu mwaka huohuo.

Tazama njia aliyokuwa nayo nyuma yake. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache mno wenye shahada. Alikuwa na mshahara, nyumba ya shule, mke na watoto wadogo, na heshima ya kila mzazi aliyemletea mwanawe. Kugeuka na kubaki mwalimu kusingemgharimu kitu mbele ya watawala, wangemshukuru. Njia ya kurudi ilikuwa wazi, pana, na imetandikwa vizuri. Akaifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo hakianguki, ila kinahitaji kipande cha pili. Pamoja na kuuliza kugeuka kunagharimu nini, tuulize nani ameiweka gharama hiyo. Mwenye nadhiri, mke na mume waliokula kiapo, muuguzi aliyeapa kutomwacha mgonjwa: wote hawa kugeuka kwao kumekuwa ghali, lakini bei hiyo wameipanga wenyewe, tena siku ambayo bado ilikuwa rahisi kuondoka. Hiari haiishi mtu anapojifunga. Pengine hapo ndipo inapokomaa. Matembezi ya mlimani, ambako kila hatua inaweza kufutwa, yanatufundisha jinsi hiari inavyoonjeka mdomoni. Ni shule ya mwanzo. Mtihani wake uko kwingine, siku mtu anapopata jambo linalostahili kuzibiwa njia ya kurudi. Kijana wa mkaa naye alikuwa amefungiwa njia, ila mlango wake ulifungwa na wengine: na deni, na kukosa shamba, na kukosa kazi, na jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 linalotaka kupika maharage.

Na mtu yuleyule aliyetupa mfano bora wa kufunga mlango kwa mkono wako ametuachia pia funzo la hatari ya kumfungia mwenzako. Katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Nyerere alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Vinajengwa na watu walioamua. Miaka ikapita, walioamua wakawa wachache. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa lazima, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Lengo lilikuwa jema kwa dhati: watu wakikaa pamoja watafikiwa na shule, maji na zahanati, na kweli shule na zahanati ziliongezeka. Lakini sehemu nyingine nyumba za zamani zilibomolewa au zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Moto ule ulichoma kitu zaidi ya makuti na fito. Ulichoma njia ya kurudi. Baada ya hapo, hata aliyekuwa tayari kukaa kijijini kwa moyo wake hakuweza tena kuonyesha kwamba alikaa kwa moyo. Hasara ya kulazimisha jambo jema ndiyo hiyo: unawapora wale waliolitaka uthibitisho kwamba walilitaka.

Nayasema haya kwa heshima kwa Mwalimu, kwa sababu anatusaidia kuona kwamba suala hili haliwahusu wabaya na wema. Linamhusu kila mwenye uwezo juu ya wengine: mzazi, mwajiri, kiongozi wa kikundi cha mazoezi, waziri. Kilele kinaweza kuwa kizuri kweli. Anayesukumwa hadi juu atakiona, lakini hatakuwa amekipanda.

Sasa tuteremke tutazame jiji. Mto Msimbazi unaanzia kwenye milima hii ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika bonde la Jangwani na kumwaga maji baharini kwenye daraja la Salender. Miti ikipungua mlimani, mvua haishikwi; inateremka kwa kasi na matope yake. Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliwaua watu na kuzibomoa nyumba katika bonde hilo. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Baadhi walikwenda wakatulia. Baadhi walirudi bondeni, na mjini pote maneno yakawa mamoja: wamejitakia.

Kauli hiyo ni ya yule aliye nchi kavu anayemtazama nahodha. Mama anayechemsha supu na kuiuza karibu na Kariakoo anaishi kwa wateja wa saa kumi na mbili asubuhi. Mhamishie mbali, na nauli ya daladala mbili au tatu kila siku italamba faida yote. Hakuna aliyemshika mkono kumrudisha Jangwani. Lakini piga hesabu ya kuondoka kwake, utaona kwamba anayemwita mkaidi hajapiga hesabu hiyo. Kuondolewa kwenye hatari ni jambo jema, na bonde lile ni hatari kweli. Kinachotakiwa ni kwamba anayemwambia mtu ageuke abebe sehemu ya gharama ya kugeuka.

Mkaa una hesabu hiyohiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimeiona misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inavyoliwa, na najua moshi wa jikoni unavyowaumiza akina mama na watoto. Lakini gesi inaanzia kwenye mtungi, na hata ule mdogo wa kilo 6 unataka fedha ya mkupuo kila unapojazwa. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye kipato cha kutwa ananunua moto wa kutwa. Tukimwambia aache mkaa bila kufanya gesi au umeme upatikane kwa kipimo cha kopo, tumempa uhuru wa kwenye karatasi. Na hapo bado hatujafika kwa yule anayeuleta mkaa kwa baiskeli. Msitu ukifungwa, yeye naye anaambiwa ageuke. Ageukie wapi? Mkakati usiokuwa na jibu kwa swali hilo utampata tena msituni, usiku wa manane, akiwa na hofu zaidi na bei kubwa zaidi.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya uchumi, na kwamba mwanafalsafa akae na hiari yake mlimani. Sikubali. Neno hiari linafanya kazi kubwa katika maisha yetu ya pamoja. Mkataba wa kazi unasema mfanyakazi amesaini kwa hiari. Mkopo wa simu unasema mkopaji amekubali masharti. Fomu ya hospitali inasema mgonjwa ameridhia. Binti anaulizwa mbele ya kadhi au padri kama ameridhia, naye anajibu amekubali, huku ukumbi umeshalipiwa na wajomba wameshafika kutoka mbali. Kila mahali tunaangalia sahihi na kusikiliza jibu, kisha tunaondoka na dhamiri safi. Mara chache tunauliza: kama angesema hapana sasa hivi, angekwenda wapi, na angelala wapi leo?

Kipimo hiki hakimwondolei mtu wajibu wake. Asiyekuwa na njia ya kurudi bado ana namna ya kuibeba njia aliyonayo, na nimeona kwa wauza mkaa uaminifu wa kulipa deni ambao sijauona kwa wenye akaunti benki. Wala hakidai kwamba kila ugumu uondolewe. Ugumu ni sehemu ya kila jambo linalostahili kufanywa, na mtu akinyimwa mlima wa kupanda amenyimwa sehemu ya ubinadamu wake. Kinachodai ni kwamba ugumu uwe na mlango, na ufunguo wa mlango huo uwe mkononi mwa anayeuvumilia.

Sisi tunaopanda Pugu kwa mazoezi tunao ufunguo huo, na hatukuupata kwa ushujaa. Wengine walizaliwa nao, wengine walisomeshwa na wazazi waliokuwa wakiteremka na mizigo barabara ileile. Aliyenao ana deni mara mbili. La kwanza ni kwake mwenyewe: asiishie kwenye matembezi yanayoweza kufutwa, atafute jambo la kweli ajifunge nalo. La pili ni kwa wengine: kila anapokaa mahali pa kuamua, iwe kwenye kamati ya mtaa, ofisini, bungeni au kwenye meza ya familia, asiridhike kusikia kwamba watu wamejitakia. Apige hesabu ya kugeuka kwao kwa shilingi, kwa kilomita na kwa siku za njaa, na akikuta hawawezi kuilipa, ajue kwamba bado hajapata ridhaa yao, hata kama sahihi zote ziko mezani.